Jinsi ya kuendesha darasa la haki mtaani mpaka watu waweze kudai dhamana bila kulipa

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi kutoka Makorora, Muheza na hata Pangani, huku kwetu Tanga, ni huu: "Tulifanya semina ya haki, watu walijaa, lakini juzi kijana wetu kakamatwa na tumelipia dhamana."

Mimi nilianzia hapohapo. Darasa langu la kwanza pale Ngamiani lilikuwa na watu zaidi ya 60, ukumbi wa kukodi, mashine ya picha ukutani na soda kwa kila mtu. Wiki tatu baadaye kijana aliyekaa mstari wa mbele, tena aliyeuliza maswali mazuri kuliko wote, alilala mahabusu siku tatu kwa ugomvi wa kijiweni. Mama yake alitoa shilingi 80,000 bila risiti ndipo akaachiwa. Yule mama naye alikuwepo darasani. Alisikia kwa masikio yake kuwa dhamana ya polisi ni bure, ila hakuwa amewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu aliyevaa sare.

Mwongozo huu umetoka kwenye kosa hilo. Ni wa somo moja tu: mtu afanye nini yeye au ndugu yake akikamatwa na polisi, hapa Tanzania Bara. Nasema Bara kwa sababu Tanga tuna ndugu wengi Pemba, na Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai. Usiwafundishe wa kule kwa karatasi za huku.

## Andaa hivi kabla ya kumwita mtu yeyote

- Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, toleo la Kiswahili. Sehemu unayoihitaji ni Ibara ya 12 hadi ya 30.
- Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, toleo jipya kabisa. Namba za vifungu hubadilika sheria zinapofanyiwa marejeo, kwa hiyo fundisha haki yenyewe, usiwakaririshe watu namba.
- Msaidizi wa kisheria mmoja aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake haina malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza alipo.
- Benchi refu au meza moja. Hii ndiyo itakuwa kaunta ya polisi.
- Kaunta buku moja, yaani daftari la jalada gumu, na kalamu mbili.
- Karatasi za manila zilizokatwa kadi ndogo, za kutosha mtu mmoja mmoja.
- Birika la kahawa na kashata.
- Watu 15 hadi 20, basi. Wakizidi hapo kila mtu hatapata zamu ya kusimama kaunta, na zamu hiyo ndiyo darasa lenyewe.

Mashine ya picha, fulana na bango acha. Pesa hiyo nunua vocha ya simu ya Hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Somo moja tu

Utashawishika kuongeza mirathi, ardhi, ndoa na faini za bodaboda siku hiyohiyo, maana watu watauliza. Kataa kwa upole. Andika maswali hayo kwenye daftari, uwaahidi siku nyingine.

Aliyefundishwa mambo kumi kwa alasiri moja akifika kituoni hakumbuki hata moja. Kituoni pana kelele, pana hofu, na usiku umeingia.

Utajua umefaulu kama kila uliyemwalika anaweza kumwambia jirani kwa sentensi moja anakwenda kujifunza nini.

## Hatua ya 2: Pita mlango wa mbele

Mwandikie barua mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji. Taja siku, mahali, saa, somo na idadi ya watu. Peleka nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.

Barua hii si ya kujipendekeza. Mwenyekiti asiyejua linaloendelea barazani kwa fulani ataambiwa na mtu mwingine kwamba kuna mkutano wa siri. Tena utamhitaji sana kwenye Hatua ya 6, kwa hiyo mfanye rafiki wa darasa tangu mwanzo. Mwalike akae na anywe kahawa.

Angalia mahali. Barazani kwa mtu, au kwenye chumba cha kikundi cha akiba, hapo hujaitisha mkutano wa hadhara. Ukipeleka darasa mahali pa wazi pa umma, mfano Uwanja wa Tangamano, sheria ya Jeshi la Polisi inakutaka umpelekee msimamizi wa polisi wa eneo hilo taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Ni taarifa, lakini anayo mamlaka ya kuzuia, na ukiiruka umempa sababu. Kwa darasa la kwanza baki barazani.

## Hatua ya 3: Maneno sita

Hapa ndipo utakaa na msaidizi wa kisheria jioni nzima, maana ukikosea hapa unampeleka mtu pabaya. Sisi tumefupisha sheria kuwa maneno sita ambayo hata asiyejua kusoma anayashika. Nayaandika pamoja na sababu zake.

"Afande, naomba kujua nimekamatwa kwa kosa gani." Anayekukamata anatakiwa akwambie kosa. Ibara ya 15 ya Katiba inakataza mtu kukamatwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Likumbuke kosa utakalotajiwa, maana dhamana yako inategemea hilo.

"Naomba jina lako na cheo chako." Anayekuhoji anatakiwa akutajie. Hili watu huliogopa kuliko yote. Wafundishe kulisema mwishoni mwa salamu, si mwanzoni mwa ubishi.

"Naomba nimjulishe ndugu yangu, au wakili." Ni haki ya aliye chini ya ulinzi kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi anaweza kuzuia kwa sababu maalumu, kama vile kuhofia mshirika atatoroka au ushahidi utaharibiwa. Ugomvi wa kijiweni mara chache una sababu hiyo.

"Jina langu ni fulani, naishi mtaa fulani. Mengine nitayasema wakili au ndugu yangu akiwepo." Jina na anwani taja, tena kwa ukweli. Maswali mengine kuhusu kosa hulazimiki kuyajibu. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa 4 tangu mtu awe chini ya ulinzi, na ukiongezwa na polisi hauzidi saa 8 nyingine.

"Naomba nisomewe kwanza." Ni kwa ajili ya maelezo yaliyoandikwa. Usiweke saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma au usiyosomewa. Kama kuna neno hukulisema, omba lirekebishwe. Nimeona kesi zikimlemea mtu mahakamani kwa ukurasa mmoja aliousaini ili arudi nyumbani mapema.

"Naomba dhamana." Aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa, kama kosa lake si kubwa na haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana. Mdhamini husaini ahadi. Kiasi kinachoandikwa kwenye fomu ni cha kudaiwa mtu akitoroka, hakitolewi mfukoni pale kaunta.

Sasa tahadhari mbili, zisemwe kwa sauti darasani. Ya kwanza: yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Ndugu wa mtu huyo asipoteze usiku kaunta akidai dhamana, atafute wakili. Ya pili: dhamana ya mahakama ni jambo jingine. Huko hakimu anaweza kuweka masharti ya mali au fedha. Watu wakichanganya hizi mbili, wanaona mwalimu aliwadanganya.

Ongezea mambo mawili mafupi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Na mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, ana ulinzi zaidi wa Sheria ya Mtoto ya 2009, hivyo mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii aitwe mapema kabla ya mahojiano.

## Hatua ya 4: Kadi

Upande mmoja maneno sita. Upande wa pili namba tatu za simu za watu wa zamu (utawapanga Hatua ya 6), na nafasi ya kuandika namba ya ndugu kwa mkono. Herufi kubwa. Simu huchukuliwa mtu akikamatwa, kwa hiyo namba moja kati ya hizo lazima iwe kichwani mwake.

## Hatua ya 5: Kaunta ya benchi

Weka darasa baada ya alasiri, wauza samaki wakiwa wamerudi kutoka Deep Sea na kina mama hawajawasha moto wa jioni. Kahawa kwanza. Eleza maneno sita kwa dakika 20, si zaidi. Halafu lete benchi katikati.

Mtu mmoja anakuwa afande. Mchague mwenye sauti nzito, ikiwezekana askari mstaafu wa mtaani kwenu, maana anajua namna mambo yanavyosemwa kweli. Wengine wanapita mmoja mmoja kama ndugu wa aliyekamatwa. Afande asiwe mwepesi. Awaambie wasubiri, awaulize "wewe nani yake?", ajifanye kuandika bila kuinua macho.

Nitaeleza nilichokiona mara ya kwanza tulipofanya hivi. Mama mmoja anayekaanga samaki alifika mbele ya benchi, akasalimu vizuri, "Shikamoo afande, nimemfuata mwanangu, naomba dhamana." Afande wetu, ambaye ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamjibu bila kumtazama: "Dhamana laki moja." Mkono wa yule mama ukashuka wenyewe hadi kwenye pindo la kanga na vidole vikaanza kufungua fundo la pesa. Alikuwa anajua ni mchezo. Alikuwa ameketi dakika kumi zilizopita akiitikia kwa kichwa kuwa dhamana ni bure. Baraza zima lilinyamaza.

Tulimrudisha. Mara ya pili alisema "naomba tu baba, nipunguzie." Mara ya tatu mkono ulibaki juu ya benchi, akasema: "Afande, kama kuna malipo naomba kontrol namba nikalipie." Yaani namba ya kulipia malipo ya serikali. Hilo ni neno lake mwenyewe, alilizoea kwa kulipia leseni na ankara za serikali. Tangu siku hiyo tunalifundisha kila darasa. Halimtukani mtu, halimwiti mla rushwa, na kwa kuwa dhamana ya polisi haina malipo, namba hiyo haiwezi kutolewa. Mwenye kaunta anapata njia ya kurudi nyuma bila kuaibika.

Kila mtu apite mara tatu. Mara ya kwanza hutafuta maneno, ya pili huyapata lakini sauti inatetemeka, ya tatu ndipo mwili unakubali. Ukiona watu wamechoka, kunyweni kahawa halafu endeleeni. Usikatishe kwa sababu jua limezama.

Onyo moja zito. Anayeigiza kukamatwa asifundishwe kukimbia, kusukuma wala kubishana mkono kwa mkono, hata akiamini anaonewa. Kukamatwa kimakosa kunapingwa kwa maneno, na baadaye kwa karatasi. Kumzuia polisi kufanya kazi yake ni kosa jingine kabisa, na litampa sababu ya kumweka ndani ambayo hakuwa nayo.

Umefaulu hapa kama mtu wa mwisho, yule mpole aliyekaa pembeni siku nzima, amesema yote sita na mikono yake imetulia.

## Hatua ya 6: Zamu ya usiku

Semina nyingi huisha na picha ya pamoja, na waendeshaji wakapanda gari. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na darasa la namna hiyo halimsaidii mtu saa 5 usiku. Kabla ya watu kuinuka, pangeni haya:

Watu watatu wenye simu zinazoshika chaji, wanaokubali kuamshwa. Wagawane wiki. Vocha inatoka kwenye mfuko wa darasa.

Wadhamini wanne kati yenu, wenye vitambulisho vya taifa na makazi yanayojulikana. Waelezeni vizuri kuwa wanasaini ahadi ya kweli: aliyeachiwa asiporudi kuripoti, wao watatafutwa. Asiyeridhika asikubali. Mdhamini anayesitasita ni bora aseme barazani kuliko kaunta.

Barua ya utambulisho. Vituo vingi humtaka mdhamini aje na barua kutoka serikali ya mtaa, na hapa ndipo wengi hukwama. Watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni, ofisi imefungwa, wakajiambia wasubiri Jumatatu. Lakini saa 24 hazisimami kwa sababu ya wikiendi. Kaa na mwenyekiti mapema, akubali kuamshwa nyumbani kwake na muhuri wake uwe karibu. Ndiyo maana ulimletea barua ukamkaribisha kahawa.

Atakayekwenda kituoni aende na mwenzake mmoja. Kundi la watu kumi langoni linaonekana ni vurugu, na mtu peke yake anatishika upesi. Wawili wanatosha: mmoja anaongea, mwingine anaandika.

## Hatua ya 7: Daftari, na pale wanapokataa

Yule wa pili aandike kwenye kaunta buku: jina la aliyekamatwa, kosa lililotajwa, nani alikamata, saa ya kukamatwa, saa mliyofika, mliyeongea naye na alichojibu. Andikeni "saa 2 usiku," msiandike "saa 2" tupu. Polisi wanahesabu saa 20, nyinyi mnahesabu saa 2, na mwezi mmoja baadaye hakuna atakayeelewa hizo saa 24 zilianzia wapi.

Kama mkuu wa zamu amekataa, ombeni kwa heshima kumwona mkuu wa kituo. Akikataa naye, nendeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa kamanda wa mkoa, mkiwa na ukurasa wenu wa daftari. Malalamiko yenye saa na majina hupokelewa tofauti na malalamiko ya "wametuonea".

Aliyeombwa pesa apige TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, haina gharama. Aliyepigwa au kuteswa apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili majeraha yaandikwe, maana Ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama, lakini jeraha lililopona halina shahidi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya aina hii. Na kama mtu anashikiliwa siku nyingi bila kufikishwa mahakamani, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe. Kanda ya Tanga ipo hapahapa mjini, hakuna haja ya kusafiri kwenda Dar es Salaam.

Msirushe picha ya askari wala tuhuma kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na neno moja lililotiwa chumvi na mtu mwenye hasira linaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona waliokuwa na haki kamili wakijitoa wenyewe kwenye haki yao kwa kidole gumba. Karatasi ibaki kwenye daftari, nakala kwa msaidizi wa kisheria.

## Hatua ya 8: Rudi baada ya wiki sita

Rudi bila kutangaza. Wafuate walipo: kwenye genge, kijiweni, kwenye foleni ya maji. Mwombe kila mmoja akutamkie maneno sita bila kadi. Weka alama kwenye daftari neno lipi limepotea kwa nani.

Theluthi mbili wakikumbuka yote, mtaa una darasa hai. Wakipungua hapo, usirudie mhadhara, rudisha benchi. Kwetu neno lililopotea kwa wengi lilikuwa la tano, "naomba nisomewe kwanza," na daftari lilionyesha hivyohivyo: waliokamatwa baada ya darasa walipata dhamana bila kulipa, lakini walikuwa wamesaini maelezo wasiyoyasoma. Kwa hiyo kikao cha pili tulikifanyia karatasi tu. Tuliandika maelezo ya uongo ya ukurasa mzima, tukamsomea kila mtu haraka haraka na kumpa kalamu, tukasubiri tuone nani atasema subiri kidogo, afande, rudia mstari wa tatu.